Doti nyekundu au darubini ya 1–6x kwenye bunduki ya michezo?

Kwa shabaha zilizo ndani ya mita 50 sina shaka: doti nyekundu, yaani kilengeo cha betri kinachoonyesha nukta inayowaka kwenye kioo chake. Unafumbua macho yote mawili, unaiona nukta, unafyatua. Hata kichwa kikikaa kombo kidogo kwenye kitako, nukta hubaki karibu kabisa na pale risasi itakapopiga. Zile ndogo zina uzito wa gramu mia moja hivi, na Aimpoint Micro T-2 huwaka saa 50,000 kwa betri moja ya CR2032, yaani zaidi ya miaka 5.

Tatizo ni umbali. Nukta ya MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe, 1/60 ya digrii) hufunika karibu sentimita 6 kwenye mita 100, na sentimita 12 kwenye mita 200. Tena haikuzi kitu: shabaha iliyofifia machoni hubaki imefifia. Mwenye astigimatizimu (kasoro ya umbo la jicho) naye huiona nukta imetawanyika kama nyota.

Hapo darubini inashinda. Mistari yake imechorwa kwenye kioo, kwa hiyo betri ikifa bado unalenga, na ukikuza mara 6 ukingo wa shabaha unaonekana wazi. Inadai uzito, mara nyingi zaidi ya nusu kilo pamoja na kishikio kinachoifunga kwenye bunduki, na jicho lisipokaa mahali pake unaona giza.

Kwa bunduki moja ya kazi zote ningechukua darubini. Kishikio usikibanie pesa: kikilegea, hata kioo bora hakishiki shabaha. Triga na mtutu mpya vingoje.