Presha kuka ya umeme lita 6, nyota 4

Wana Mtwara wenzangu mnaopika na mkaa, hii presha kuka mi naisifia kabisa. Chini imeandikwa wati 1000, yani hata ikivuta moto saa nzima mfululizo inakula yuniti 1 tu, na haivuti mfululizo maana presha ikijaa inajikata yenyewe, inawaka kidogo kidogo tu kuishikilia. Maharage yanaiva huku we unafagia uwanja, pweza ndo usiseme, analainika hadi raha. Tui zito lakini tia mwisho kabisa ukishafungua mfuniko, ukilifungia toka mwanzo linakatika.

Hapa ndo huwa naumia roho. Iceland, kanchi kadogo ka Ulaya ambako watu hata laki 4 hawafiki, umeme wao karibu wote ni wa maji na mvuke wa ardhini, mwingi unaenda viwanda vya alumini na nyumba nazo wanapasha kwa maji moto ya chini ya ardhi, wanatumia kile walicho nacho. Sisi gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa toka 1982, inazalisha umeme hapahapa, halafu mama zetu bado wanapuliza mkaa macho mekundu!

Nyota 1 nimetoa sababu mpira wa mfuniko unashika harufu ya samaki, na umeme ukikatika lazima uiseti upya. Kabla hujalipa muulize muuzaji kama mpira wa spea anao.