TAHADHARI: Muuza tairi za mtumba Mtwara mjini, yule wa "mashine haina rafiki"

Wadau wa Mtwara na Lindi, nimepigwa. Mchana kweupe, nimesimama pale pale natikisa kichwa kukubali. Na nyie mnaojua kazi yangu ya magari chekeni tu, nimestahili.

Jina simtaji, mliowahi kupita pale mshamjua. Tairi nne za mtumba, saizi 195/65R15, laki mbili na themanini. Nyeusi tii, zimepakwa dawa zinang'aa, kashata (mpira wa juu unaokanyaga lami) bado nene. Akapandisha ya kwanza kwenye mashine ya balansi, akaizungusha. Ikasoma gramu 35 zimepungua upande wa nje, 20 upande wa ndani. Akagonga risasi (vile vipande vya uzito) kwenye rimu taratibu, hana haraka, akazungusha tena: 00, 00. Akanigeukia huku anajifuta mikono: "Bosi, umeona mwenyewe. Mashine haina rafiki." Akafanya hivyo zote nne. Sasa nani abishane na sifuri mbili? Matapeli wengi hata mashine hawana, wanabalansi kwa macho. Huyu anayo, inafanya kazi, na anakuonyesha namba. Hapo ndipo nilipotoa hela.

Na ubaya wake ni kwamba mashine haikudanganya. Mashine ya kawaida inatafuta uzito umezidi wapi, haiulizi kama tairi ni duara. Tairi ambayo nyaya za ndani zimeachana na mpira inaota nundu kwenye kashata, na ukiijazia risasi inasoma sifuri kama kawaida. Ikigusa lami, ile nundu inagonga kila mzunguko. Saizi hiyo kwa mwendo wa 100 inazunguka karibu mara 14 kwa sekunde. Gonga usukani mara 14 kwa sekunde uone kama mikono itatulia. (Kwa anayedhani balansi yenyewe ni mzaha: gramu 30 tu zilizokosewa kwenye rimu ya 15, kwa mwendo huo, zinavuta zaidi ya kilo nne.)

Majaribio alifanyia mjini, mwendo wa 50, matuta kila mahali. Kwa mwendo huo hata tairi ya mkokoteni haitetemeki. Ukishapita Mikindani ndiyo unajua: 80 usukani unaanza kucheza, 95 kioo cha kati kinatetemeka huoni gari la nyuma.

Ukirudi kwake, ndiyo utapeli wa pili. "Hizo bolijointi, bosi, na tairodi." Yaani viungo vya miguu ya mbele na vyuma vya usukani. Laki moja na sitini nyingine. Spea za zamani ukiziomba, zimeshatupwa! Bolijointi mbovu zinagonga kwenye mashimo na kuukuza mtetemo uliopo, lakini mara chache sana ndizo zinazouanzisha. Na kabla ya kuzilaumu, gari inapandishwa jeki, unashika tairi juu na chini unatikisa, kisha kushoto na kulia. Bolijointi au beringi inacheza juu na chini, tairodi inacheza pembeni. Hakutikisa chochote.

Kilichomfichua ni bisbisi na tofali. Tairi ya mbele kushoto juu ya jeki, bisbisi imelala juu ya tofali, ncha iko milimita mbili kutoka kwenye kashata, unazungusha kwa mkono polepole. Pengo linafunguka, linafunga, mpaka mpira unaisukuma bisbisi. Kuivua, upande wa ndani: 0913. Imetengenezwa wiki ya 9, mwaka 2013. Nyingine mbili tarakimu zimesagwa na grainda. Tarehe kamili mara nyingi inaandikwa upande mmoja tu wa tairi, na zote nne alizigeuza upande huo uangalie ndani. Zote nne! Hiyo si bahati mbaya.

Mtu huyu anyang'anywe ile mashine. Afungiwe banda, akae ndani, na wote aliowauzia awarudishie mpaka senti ya mwisho. Kuna watu wanatoka hapa usiku na watoto kwenda Dar kwa tairi hizo, na nyaya zikishaachana, siku yoyote inapasuka. Msimu wa korosho ukifika atauza kama njugu. Trafiki wanaokagua vizimamoto wakamkague na yeye!

Haya, kwa haraka. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa) kabla tairi haijafungwa, pande zote mbili. Papasa kashata kwa kiganja duara zima, uvimbe utausikia. Usimalize hela mpaka gari ifike 90 nje ya mji. Usukani ukitetemeka, anza na tairi za mbele. Kiti kikitetemeka, za nyuma. Hamisha za mbele nyuma: mtetemo ukihama, ni tairi au rimu, hakuna spea ya kununua. Ukitokea kwenye breki tu, ni diski. Ukitokea ukikanyaga mafuta na kuisha ukiachia, ni sivijointi ya ndani (kiungo cha shafti inayozungusha tairi). Na kwa sisi wa pwani, sugua kutu kwenye habu (pale rimu inapokaa) kwa brashi ya waya kabla ya kurudisha rimu, nati zikazwe kwa mkato wa nyota. Nguvu ya kukaza kwa Toyota nyingi ndogo ni Nm 103.

Tairi ya 0913 nimeiegemeza mlangoni kwangu. Anayebisha aje aipapase.