Husuni Kubwa Kilwa Kisiwani, jumba la juu ya mwamba
Juzi mi na wifi yangu tumetoka Mtwara, basi likatushusha Nangurukuru, tukadandia noah hadi Kilwa Masoko. Kibali mnakata kwanza hapo Masoko, afu ndo mashua ya kwenda kisiwani. Sasa nahodha wetu bana, tumeshapatana bei, tuko katikati ya maji anasema Husuni ni mbali na Msikiti Mkuu (gofu jingine la hapo kisiwani) kwahiyo tuongeze hela 😡 ungekuwa wewe ungeshukia wapi? Tukaongeza. Nyie malizaneni kila kitu mkiwa bado nchi kavu.

Ila Husuni Kubwa jamani! Unashuka kwenye mikoko, matope mpaka kwenye vifundo, unapanda ngazi za mawe mpaka juu ukingoni mwa mwamba, na hapo ndo jumba la sultani wa karne ya 14 lilipojengwa, chini yako bahari tupu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukisogea karibu unaona kabisa vitundu vya matumbawe, wifi akapitisha kidole akasema kama mkate wa kumimina. Birika la kuogea lina pembe nane, lishakauka, kuna mbuzi alikuwa amelala humo hana habari kama hapo ni urithi wa dunia wa UNESCO wala nini.

Guide anajua kazi yake, haharakishi mtu. Kivuli ni kidogo na maji ya kunywa sikuona yanauzwa, bebeni yenu. Nyota 4, ya tano kaondoka nayo nahodha.