Uzoefu wangu: amplifaya ya besi iliyonyamaza katikati ya chakacha

Naandika nikiwa bado na hasira. Amplifaya yenyewe ni nzuri, na nalisema hili mapema ili haki itendeke, kwa sababu nikishafika kwa yule muuzaji sijui kama nitakuwa na neno jema la mtu yeyote. Duka silitaji, chapa siitaji. Ninalotaka ni kwamba mwenzangu anayetafuta amplifaya ya besi ya kupigia ndani ya fleti na kwenye shughuli ndogo ndogo ajue ni tundu gani la kulichunguza kabla hajatoa pesa zake.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye harusi za kina mama. Wanaoijua Mombasa wanaelewa: usiku wa wanawake, milango imefungwa, mabuibui yamevuliwa, na mwanamume haingii hata awe ndiye mpiga gitaa bora mjini. Kwa hivyo tunaitwa sisi. Shoga yangu yuko kwenye kinanda, wapo wapiga ngoma wawili, waimbaji, na mimi. Shaabani ikiingia harusi zinafuatana, maana kila mtu anataka kuozesha kabla ya Ramadhani, na amplifaya yangu haipumziki. Naishi Tudor, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Gitaa mgongoni, mkono mmoja umeshika mpini wa amplifaya, mwingine umeshika pindo la buibui nisijikwae, na tuktuk inanisubiri chini. Mtu asiniambie uzito si kitu.

Sasa fleti. Chini yangu anakaa mama mwenye mtoto mchanga, na ukuta wa pili ni mzee anayelala mara tu baada ya Isha. Watu husema kama hutaki kusumbua majirani, punguza sauti. Ingekuwa gitaa la solo, sawa. Besi haiendi hivyo. Ule uzi mnene kuliko yote, E, hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na zaidi. Ukuta wa fleti hauna ubavu wa kulizuia. Halafu sikio la binadamu huzisikia sauti nene kwa udhaifu pale sauti inapokuwa ndogo. Ukipunguza, besi ndiyo inayopotea kwanza, unabaki na mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi. Ukiongeza hadi uisikie vizuri, jirani wa chini ameshaipata zamani, tena kupitia sakafu. Mimi naiweka amplifaya juu ya kiti, na chini yake kipande cha sponji ya godoro, isiguse sakafu kabisa. Yule mama wa chini mwenyewe aliniambia tofauti ameiona. Lakini usiku hata hilo halitoshi, lazima uwe na hedfoni.

Kwa hivyo nilipoingia dukani nilijua ninachotaka: sauti inayoeleweka ikiwa ndogo, tundu la hedfoni, na tundu la kutolea sauti kwenda kwenye mikisa ya ukumbi, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Hilo la mwisho wengi hawalitilii maanani. Ukiwa nalo, huhitaji amplifaya ya kujaza ukumbi. Spika za ukumbi ndizo zinazobeba besi hadi nyuma, na yako inakaa miguuni pako ujisikie mwenyewe. Si kila ndogo inalo. Kwenye jamii ya amplifaya za Fender Rumble, kwa mfano, ile ya wati 25 haina na ile ya wati 40 inalo, na ukizitazama kwa mbele hutajua.

Basi nikafika na gitaa mgongoni. Gitaa liko mgongoni! Na swali la kwanza nililoulizwa ni, "Dada, unamnunulia nani? Kaka yako?" Nikamjibu ni yangu. Akamgeukia mwenzake, akasema, "Huyu angeimba tu." Hakuniambia mimi, alimwambia mwenzake, nami nimesimama pale pale. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na haja.

Nikamwomba azime redio ya duka ili niisikilize ile amplifaya kwa sauti ndogo, maana kwangu ndivyo itakavyoishi siku nyingi. Akakataa, eti wateja wanapenda muziki. Badala yake akaifungua mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, akanieleza habari za wati. Wati, wati, wati. Kila nilichouliza jibu lake ni wati. Nami najua kwamba wati zikiongezwa mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, wati zinatakiwa ziongezeke karibu mara kumi. Kati ya 40 na 50 hakuna cha kugombania. Ukubwa wa spika na kisanduku chake una maneno zaidi. Alipoona sishtuki akaanza kunisimulia amplifaya nyingine ya besi, Ampeg SVT. Ampeg SVT ilitoka 1969 ikiwa na wati 300, na kabati lake lina spika nane za inchi 10. Ni mtambo wa majukwaa makubwa. Mimi natafuta kitu cha kukaa kando ya kiti cha bibi harusi, na nilimwambia hivyo kwa Kiswahili kilichonyooka.

Nikainunua, kwa sababu nilichokitaka kilikuwamo. Na nyumbani, haki ya Mungu, ilinifurahisha. Kwa sauti ya kunong'ona kabisa nyuzi zote nne zilisikika, kila mmoja na nafasi yake. Baada ya Isha nachomeka hedfoni, spika inazima, simu naiunganisha kwenye tundu la pembeni, nyimbo za harusi inayokuja zinapita masikioni pamoja na besi yangu, na jengo zima limelala. Sijawahi kufanya mazoezi mazuri namna ile tangu nianze kupiga. Kwa miezi kadhaa niliisifu kwa kila aliyeniuliza. Shoga yangu alichoka kunisikiliza.

Halafu ikaja harusi ile.

Ukumbi ulikuwa mdogo, umejaa. Mikisa yao ilikuwa na nafasi za maikrofoni na kinanda tu, kwa hivyo besi yote ilitegemea amplifaya yangu. Tumeingia kwenye chakacha, ngoma ya kuchezesha kiuno, mdundo wa sita kwa nane, kina mama wako katikati, leso zimefungwa viunoni, bibi harusi mwenyewe amesimama. Katikati ya ubeti besi ikapotea. Haikukwaruza wala kupungua polepole, ilikatika moja kwa moja. Taa ya mbele inawaka. Nikabadilisha waya. Nikashika kila kinobu. Kimya. Kinanda kinaendelea, ngoma zinaendelea, lakini chakacha bila besi kiuno hakina pa kuegemea, na niliwaona kina mama wakipunguza mmoja mmoja. Shoga yangu akahamisha mkono wa kushoto akawa anapiga besi kwenye kinanda, Mungu amjaze heri, tukamaliza hivyo. Mama wa bibi harusi alitulipa zote, hakukata hata shilingi, na huo wema ndio ulioniumiza. Mtu amefanya shughuli yake moja, akanikabidhi mimi kiuno cha wageni wake, nami nimeketi na gitaa lisilosema.

Kesho yake nikaibeba hadi dukani. Ngazi, tuktuk, mashimo ya barabara, mpaka ndani. Yule yule. Akaichomeka, nikapiga, ikalia. Safi kabisa. "Si inalia?" Nikamweleza kwamba usiku ilikatika taa ikiwa inawaka, na kwamba tatizo la kuja na kuondoka bado ni tatizo. Nikamwomba tuiache iwake nusu saa huku napiga. Akaniambia amplifaya haina neno, mwenye neno ni mpigaji. Nikaomba basi fundi wao aifungue. Akasema fundi hayupo, na nikiifungua mwenyewe waranti imekufa, na risiti imeandikwa mali iliyouzwa hairudishwi. Nikaendelea kupiga, maana nilitaka ikatike mbele ya macho yake. Akainama, akachomoa plagi ukutani. Vidole vyangu viko kwenye nyuzi! Kisha akasema, safari hii akinitazama usoni, "Wewe, si nilisema uimbe."

Kijana mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho. Hata ile "dada" ya mara ya kwanza aliona nimepitwa nayo. Nimeuliza huduma kwa adabu, nina risiti mkononi, nimelipa taslimu, na mtu ananichomolea stima kama anayemfukuza mtoto aliyeingia dukani kuchezea vitu. Kila nikikumbuka ule mkono unavyokwenda kwenye soketi mwili unanichemka. Kama amplifaya ingekuwa imeungua moto nisingekasirika hivi.

Nikatoka nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa redio, upande wa Mwembe Tayari. Hata hakuichomeka kwanza. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, hedfoni unatumia?" Kila usiku, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akachukua bisibisi.

Alinionyesha kwa tochi. Ndani ya tundu la hedfoni mna ulimi mwembamba wa shaba. Hedfoni zikiwa nje, ulimi huo unagusana na mwenzake, na umeme wa kwenda kwenye spika unapita hapo hapo. Ukichomeka, plagi inausukuma, mguso unakatika, spika inazima. Ukichomoa, ulimi unatakiwa urudi. Wangu ulikuwa umechoka, haurudi hadi mwisho, na ncha yake ilikuwa na kutu ya kijani, ile inayoletwa na hewa ya chumvi. Fundi akaubonyeza kidogo kwa ncha ya bisibisi: spika ikalia. Akaachia: kimya. Akabonyeza tena. Ndiyo maana dukani ililia, mitikisiko ya tuktuk ilikuwa imeugusanisha. Jambo la dakika tatu kuligundua, kwa mtu aliye tayari kutazama.

Akaling'oa tundu lile, akalehemu jipya, na kando yake akaniwekea swichi ndogo ya kuzimia spika, ili umeme wa spika usipite tena kwenye tundu. Shilingi mia tano. Akanifundisha pia kwamba ikinitokea ukumbini kwa amplifaya nyingine ya namna hii, nichomeke na kuchomoa plagi ya hedfoni mara kadhaa, msuguano unakwangua kutu na mara nyingi spika inarudi. Laiti yule kijana angejua hilo moja, au angalau angekubali kumsikiliza anayetafuta kujua.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msinunue amplifaya ndogo ya aina hii. Sasa sijui tena. Tangu mzee yule aiguse haijaninyamazia, na kwenye fleti sijapata inayoikaribia. Kwa kupigia nyumbani naipa alama zote. Kwa kazi, la, siwezi kumshauri mtu aende kwenye harusi ya watu akitegemea ulimi wa shaba mwembamba namna ile, na aliyeubuni angepaswa kujua kwamba tundu la hedfoni ndilo litakalotumika kuliko yote. Zipo zinazozima spika kwa njia nyingine bila kupitisha umeme wake kwenye tundu, na kwa mji wa bahari kama huu, hizo ndizo za kutafuta hata kama zimezidi bei. Lakini pia, kwa swichi ya mia tano, hii yangu imekuwa miongoni mwao. Nimeshaipeleka harusi nyingine tangu hapo, na chakacha ilichezwa mpaka mwisho. Basi kwa kazi pia naikubali. Naikubali ikiwa imepita kwa fundi.

Mnaoletewa na ndugu kutoka Marekani, geuzeni nyuma kwanza msome. Kule stima ni volti 120, kwetu 240, na amplifaya isiyokubali volti 240 ikichomekwa hapa bila transfoma inaweza kuungua siku hiyo hiyo.

Duka lile, hakuna alama. Siendi, simpeleki mtu, na kina mama wa kikundi chetu wote wameshajua ni lipi. Wewe unayekwenda popote pengine kununua, nenda na gitaa lako na hedfoni zako. Mwambie azime redio. Piga kwa sauti ndogo, chomeka hedfoni, chomoa, chomeka, chomoa, tikisa plagi kidogo ndani ya tundu huku unapiga, na usikilize kama spika inarudi kila mara bila kukwaruza. Akikuzuia kufanya hivyo, toka na pesa zako.