Iyafoni za kuingia ndani ya sikio zikikuumiza, nunua hizi

Malalamiko ninayoletewa kuhusu iyafoni karibu yote yanafanana. Mtu amenunua zile za kuingia ndani ya tundu la sikio, zenye kimpira cha silikoni mbele. Sauti safi, chaji inakaa, lakini haupiti muda sikio linaanza kuwasha, kuuma, au kuchoka tu, mpaka anazing'oa wimbo haujaisha. Akiomba ushauri anaambiwa abadilishe vimpira. Anajaribu vidogo, vya kati, vikubwa, anarudi palepale. Muuzaji mmoja niliyempelekea malalamiko yangu alinitazama akasema, "Utazoea." Sikuzoea, na sioni kwa nini nizoee maumivu niliyoyalipia.

Basi humu sitaanza na besi, wala saa za chaji, wala toleo la Bluetooth. Hayo yako kwenye kila boksi, tena kwa maandishi makubwa. Nina swali moja ambalo boksi huwa halilijibu: hiki kitu kinagusa wapi, na kinakandamiza kwa nguvu gani? Nimezipanga zote kwa swali hilo. Ukitaka mpangilio wa nani ana besi kubwa, umejaa kila mahali.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na halikunyooka. Sehemu ya nje imezungukwa na gegedu, ambalo lina ulaini kidogo. Ukienda ndani zaidi ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno. La kulia na la kushoto la mtu huyohuyo huenda yasilingane, na yote mawili hubadilika umbo kila taya linapocheza. Ndani ya njia hiyo iliyopinda unasukuma kimpira cha duara ambacho kazi yake ni kuziba. Kisipoziba, besi inatoroka. Kwa hiyo kubana siyo kasoro ya utengenezaji, ndiyo namna zinavyofanya kazi, na ndiyo maana ushauri wa kuvaa vimpira vidogo humpunguzia mtu maumivu na muziki kwa pamoja.

Liko na jambo la kujisikia mwenyewe. Sikio likizibwa, sauti yako, vishindo vya hatua zako na hata kutafuna kwako, vyote vinavyosafiri kwenye mifupa ya kichwa, vinakosa pa kutokea na kuanza kuvuma humo ndani. Wapo pia wachache ambao wakiguswa ndani ya sikio wanakohoa, kwa sababu tawi la neva ya vagasi linapita hapo. Hao jamani waacheni na habari za vimpira. Na kama sikio linatoa maji, linanuka, au unasikia kwa shida hata ukiwa hujavaa kitu, hapo si suala la kununua. Nenda kwa daktari.

Namba moja kwangu ni kampuni ya Koss, na nasema wazi kwamba naipendelea. Hakuna aliyenilipa. Hedifoni yao ya Porta Pro ilitoka mwaka 1984 na mpaka leo inauzwa ikiwa na sura ileile: upinde wa chuma chembamba, sponji mbili nyeusi, waya. Haivutii hata kidogo. Lakini ishike karibu uitazame. Juu ya kila sponji ya sikioni kuna kipande kingine chenye sponji yake, kinachokaa kwenye panja, na pembeni kuna kiswichi cha kusogeza. Ukikisogeza, kile kipande cha panja kinabeba sehemu kubwa ya mgandamizo, na sponji ya sikio inabaki kuegemea tu. Yaani kuna mtu alikaa akajiuliza swali langu, zinagusa wapi, miaka zaidi ya arobaini iliyopita, akalijibu kwa kiswichi. Leo tunauziwa vyombo vyenye programu ya simu, taa na sauti ya kukukaribisha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye kiswichi hicho.

Ina kasoro zake. Inavuja sauti nje na ndani: aliye karibu nawe atasikia unachosikiliza, na wewe utamsikia akilalamika. Upinde ule unapoteleza kujirekebisha hukamata nywele, na mwenye nywele ndefu ataulaani. Mwenye miwani ajaribu kwanza, maana kipande cha panja kinaweza kukaa juu ya mkono wa miwani. Ipo isiyo na waya pia, ila yenye waya ndiyo ninayoipenda mimi. Shida ni kwamba simu nyingi za sasa hazina tundu la kuchomekea waya la milimita 3.5, tangu iPhone 7 ilipoliondoa mwaka 2016 na wengine wakafuata mkumbo, kwa hiyo bajeti yako iwe na nafasi ya kiunganishi. Hapo ndipo wanapotukamata: wanaondoa tundu, kisha wanatuuzia dawa yake.

Asiyetaka kitu chochote kichwani, Koss hiyohiyo ina KSC75, ambayo haina upinde. Kila upande una ndoano yake inayopita nyuma ya sikio. Kichwa hakibanwi hata kidogo. Lakini ndoano na mkono wa miwani vinagombea nafasi moja, kwa hiyo mwenye miwani asiikimbilie.

Namba mbili ni za wazi, zinazokaa nje ya tundu na kurusha sauti kuelekea ndani. Hapa kuna makundi mawili na watu huyachanganya. Kuna za ndoano, kama Shokz OpenFit, na kuna za kubana ukingo wa sikio, kama Huawei FreeClip na Bose Ultra Open. FreeClip moja ina gramu 5.6 tu na matangazo yanautaja uzito huo kwa fahari, lakini uzito siyo tatizo la kibanio. Tatizo ni kwamba nguvu yote inaangukia sehemu moja ndogo ya gegedu. Gegedu likiwa nene, utaanza kuisikia sehemu hiyo taratibu, kisha hutasikia kingine. Mwenye hereni kadhaa ukingoni ndiyo kabisa. Ndoano hueneza mzigo kwenye shina lote la sikio, kwa hiyo mimi nachagua ndoano. Sony nao walitoa LinkBuds mwaka 2022, zenye pete iliyotobolewa katikati ili sikio lisizibwe. Wazo zuri, lakini pete ile ni ngumu na inakaa ndani ya kibakuli cha sikio. Sikio dogo litalalamika.

Za kupitisha sauti kwenye mfupa nimezipa nafasi ya tatu. Shokz OpenRun ina gramu 26, inakaa mbele ya sikio kwenye mfupa wa shavu, na sikio lenyewe linabaki tupu. Kwa kukimbia au kutembea barabarani sina la kuongeza. Kwa muziki, besi ni hafifu, na ukipandisha sauti inakutekenya shavuni. Upinde wake unapita nyuma ya shingo, kwa hiyo ukijilaza au ukiegemea kiti chenye mgongo mrefu unausukuma wote mbele. Na msidanganywe na wanaosema hizi haziwezi kuharibu usikivu. Sauti inafika kwenye sikio la ndani lilelile, ila imepita njia nyingine. Kikomo cha sauti cha Shirika la Afya Duniani, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, ni chako hata hapo.

Sasa zile kubwa za kufunika sikio zima. Wengi wakichoka na za ndani hukimbilia huku, na ndiko wanakoingia mkenge. Wanadhani sikio likifunikwa halitaguswa. Litaguswa! Sikio la binadamu limesimama, halikulala. Kikombe cha hedifoni kinaweza kuwa kipana vizuri lakini kifupi kwa kina, na ile ncha ya juu ya sikio ikawa inagusa kitambaa kinachofunika spika. Mwanzoni huisikii. Baadaye inapata moto, kisha inauma, na hujui maumivu yanatoka wapi kwa sababu kila ukipapasa kwa nje kuna mto laini. Kwa hiyo ukizishika dukani, ingiza kidole ndani ya kikombe, kandamiza mto kwa kiganja kama kichwa kitakavyoukandamiza, uone inabaki nafasi gani kati ya ukingo na kile kitambaa. Ikibaki nafasi ya ncha ya kidole tu, rudisha. Kisha zivae na miwani yako, fungua mdomo na kuufunga, tazama chini. Uzito nao una pa kuangukia, na ni utosini: Sony WH-1000XM5 ina takriban gramu 250, AirPods Max ya Apple inakaribia 385. Shingo yako itazijua tofauti hizo kabla ya masikio. Katika kundi hili ningechukua Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mito yake ya kitambaa chenye manyoya inayovuliwa na kuuzwa peke yake, ingawa ikiwa mpya inabana kwelikweli.

Hapa lazima niwaseme wauzaji. Nguvu ya kubana kichwa inapimika. Kipimo chake ni nyutoni, na Beyerdynamic huiandika kwenye karatasi zao za vipimo. Kumbe inawezekana! Wengine wengi wanaandika mpaka rangi ya kamba ya mkoba, hilo hawaligusi. Kina cha kikombe vilevile. Ukiomba kujaribu unaambiwa boksi likifunguliwa ni lako, kwa ajili ya usafi. Viatu tunajaribu, miwani tunajaribu, ila kitu cha kukaa nacho kichwani mchana kutwa unauziwa mbuzi kwenye gunia. Na bei zinapanda kila toleo kwa sababu ya kuzima kelele na maikrofoni za ziada, huku mito wanaibandika kwa namna ambayo ikichakaa unaambiwa ununue hedifoni nyingine.

Zile bapa za bei ya chini, za kukaa kwenye kibakuli cha sikio bila kimpira: zikikutosha zimekutosha, zikikukataa hakuna cha kubadilisha. Zivishe sponji. Sina zaidi.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kwa maandishi kama unaweza kurudisha kitu kilichofunguliwa ambacho si kibovu ila kinakuumiza. Akianza kuzungukazunguka, nenda kwa mwingine. Ukichukua Koss, chukua na sponji za akiba siku hiyohiyo, maana huwa zinachanika pale kwenye ukingo wa kuvalishia, hasa unapozirudisha baada ya kuziosha.