Sanduku la zege, maji ya tairi au vyuma vya magurudumu: kipi kinaifaa trekta ndogo yenye kijiko?

Trekta ndogo ya bustani ikifungwa kijiko cha mbele huanza kulalamika kwa nyuma: magurudumu yanateleza, breki hazishiki (nyingi zinafunga nyuma tu), na kwenye mteremko tairi moja inaachia ardhi. Tiba zinazouzwa ni tatu: sanduku la uzito linalotundikwa kwenye mikono mitatu ya kunyanyulia iliyo nyuma ya trekta, maji yanayojazwa ndani ya tairi za nyuma, na vyuma vizito vinavyofungwa kwa boliti kwenye rimu za nyuma. Zote huongeza kilo, ila hazifanyi kazi moja.

Kabla ya kununua, piga hesabu. Chukua mzigo wa kilo 200 uliokaa mita 1 mbele ya ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli mbili uwe mita 1.4. Ekseli ya mbele haipati kilo 200; inapata takribani 343, kwa sababu nyuma imenyanyuliwa kwa kilo 143. Sasa tundika kilo 150 mita 0.9 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nyuma inapata kilo 246 na mbele inapunguziwa 96. Hizo 96 ndizo zinazookoa bushi, beringi na pini ya katikati ya ekseli ya mbele.

Hapo ndipo sanduku linapowashinda wenzake. Vyuma vya magurudumu na maji ya tairi vinakaa pale pale kwenye ekseli ya nyuma, kwa hiyo vinaongeza mshiko lakini havimpunguzii wa mbele hata kilo moja.

Sanduku la chuma lenye nafasi ya sentimita 50 kwa 40 kwa 30 linameza lita 60 za zege, kama kilo 144, bila kuhesabu bati lake. Mchanga mkavu ndani ya sanduku hilo hilo haufiki kilo 100. Anayetaka kuweza kupunguza uzito baadaye aweke mchanga. Wengine wamwage zege na kuacha bomba mbili za plastiki zimesimama ndani, za kuchomeka koleo na reki. Kagua pini za kutundikia sanduku kwenye mikono hiyo mitatu, ambayo hupangwa kwa madaraja ya ukubwa: daraja la 1 hutumia pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19, daraja la 0 zote ni milimita 16. Pini nyembamba kwenye tundu kubwa hucheza, na kucheza huko hulitanua tundu. Kasoro ya masanduku ya bei rahisi ni masikio yaliyochomelewa upande mmoja tu wa bati. Hayo hupasuka kwenye mashimo ya njia, si kwenye kazi. Kasoro nyingine haina dawa: trekta inarefuka, na kugeuka karibu na ukuta kunataka macho.

Maji ya tairi ni rahisi kuliko yote. Valvu ikae juu kabisa, jaza mpaka usawa wake, yaani robo tatu ya tairi. Robo ya hewa iliyobaki ndiyo inayomeza mishtuko. Tairi ikichukua lita 35, mbili zinakupa kilo 70. Kalsiamu kloraidi, chumvi inayoyeyushwa kwenye maji hayo, huzifikisha karibu 90 na haigandi kwenye baridi, lakini ikivuja inakula rimu. Bila tyubu, iache.

Vyuma vya magurudumu ni visafi na havivuji. Kaza boliti, tumia saa chache, kaza tena. Nati iliyolegea hutoboa rimu polepole.

Kuna onyo ambalo wauzaji hawalitaji. Gurudumu linaloteleza ni kinga ya giaboksi. Ukiongeza mshiko, nguvu iliyokuwa ikipotea kwenye matope inaingia kwenye gia, na giaboksi ya haidroliki ya mashine ya kukatia nyasi hupata joto na kuishiwa nguvu. Soma kikomo cha ekseli kwenye kitabu cha mashine. Trekta isiyo na mikono mitatu ya kunyanyulia nyuma usiitundikie sanduku kwenye bati la kuvutia trela; hiyo ipewe vyuma vya magurudumu, na kijiko kibebe nusu ya mzigo wake.

Kwa trekta yenye mikono hiyo, sanduku kwanza, kisha maji ya tairi kama ardhi ina mteremko. Mzigo ubebwe chini, karibu na ardhi. Kijiko kilichonyanyuliwa juu kinaweza kuipindua trekta kwa ubavu, hata yenye kilo 150 nyuma.