Feliway Classic na paka mkubwa anayehamia nyumba mpya

Paka mkubwa anayechukuliwa kutoka kwa watu wengine, au kutoka kituo cha wanyama waliotelekezwa, huja na mazoea yake ya miaka, na jambo la kwanza analolikosa siku ya kuhama ni harufu ya mahali alipopazoea. Feliway Classic, bidhaa ya kampuni ya Kifaransa ya Ceva, imetengenezwa kwa ajili ya hali kama hiyo. Nimeitumia nyumbani kwangu Dar es Salaam kumpokea paka jike wa makamo ambaye wenyewe walihama nchi, na tathmini hii namwandikia mtu anayejiuliza kama atoe fedha yake au la. Maoni yangu ni kwamba kifaa cha kuchomeka ukutani kinafaa katika chumba cha aina fulani tu, ambacho wengi wetu hatuna, na kwamba hata pale kinapofaa, kazi kubwa hufanywa na boksi tupu na mlango uliofungwa. Spreyi ya jina hilohilo nimeiona kuwa na manufaa zaidi katika mazingira yetu.

Inafaa kueleza kwanza kilichomo ndani ya kichupa, kwa sababu wauzaji wengi huiita dawa ya kumtuliza paka, na maelezo hayo huwafanya wanunuzi watarajie paka aliyesinzia. Paka ana tezi mashavuni na kidevuni, na anapojisugua kwenye mguu wa meza au pembe ya ukuta huacha alama za kikemia ziitwazo feromoni. Daktari wa mifugo Mfaransa, Patrick Pageat, alizichunguza na kuzigawa katika mafungu matano. Fungu la tatu ndilo linalohusishwa na alama ambazo paka huziweka kwenye vitu vya mahali anapopaona salama. Feliway Classic ni mfano wa fungu hilo uliotengenezwa maabara, na iliingia sokoni katika miaka ya 1990. Haimleweshi paka wala haimlazi, na binadamu hasikii harufu ya feromoni hiyo. Ipo pia Feliway Friends, inayoiga feromoni ya paka anayenyonyesha na inayokusudiwa paka wanaogombana ndani ya nyumba moja. Mwenye paka mmoja asiichukue kwa kudhani kwamba zote ni sawa, kwani vifungashio vyake vinafanana mno na rafuni hukaa pamoja.

Kifaa chenyewe ni kidogo, unakifungia kichupa cha mililita 48 na kukichomeka kwenye soketi, nacho kinapasha majimaji joto taratibu hadi yageuke mvuke. Mtengenezaji anasema kichupa kimoja hudumu hadi siku 30 na kinatosheleza eneo la mita za mraba 50 hadi 70. Anasisitiza pia kwamba kiachwe kwenye umeme usiku na mchana, kisiwekwe nyuma ya pazia au kochi, wala chini ya rafu, kwa sababu mvuke hupanda juu na ukikuta kizuizi hauenei. Masharti hayo ni mepesi kwa mtu anayeishi katika fleti iliyofungwa pande zote kwa ajili ya baridi. Nyumba zetu za pwani zimejengwa ili zipitishe upepo: madirisha ya luva au ya wavu yako wazi tangu alfajiri, juu ya milango kuna matundu ya hewa, feni inazunguka, na mlango wa uani haufungwi mpaka magharibi. Katika chumba cha namna hiyo zile mita za mraba hazina maana tena, kwa kuwa mvuke unatoka nje kadiri unavyozalishwa. Umeme nao ukikatika mchana kutwa, kifaa hupoa na kazi husimama. Sioni kwamba hilo ni kosa la mtengenezaji, lakini ni jambo ambalo muuzaji mwaminifu angemweleza mteja kabla ya kupokea fedha yake. Mnunuzi atazame pia plagi, maana vifaa vinavyoletwa kutoka bara la Ulaya vina pini za mviringo, na ukiunganisha na adapta iliyolegea, kifaa hakisimami wima kama inavyotakiwa.

Kuhusu ushahidi wa kitaalamu, picha ni ya mchanganyiko, na ni vyema isemwe hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani yaliona kwamba ushahidi haukutosha kuthibitisha kuwa feromoni ya uso hupunguza wasiwasi wa paka waliolazwa hospitalini. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2011 katika jarida la PLoS ONE, ulijumuisha matokeo ya majaribio kadhaa na kuona kwamba feromoni hiyo ilisaidia kupunguza tabia ya paka kurusha mkojo kutani. Kwa hiyo anayesema haifanyi kitu amepita kiasi, na anayesema itamfanya paka mgeni azoee nyumba kwa usiku mmoja naye amepita kiasi. Utafiti unaonigusa zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2014. Paka 19 waliokuwa wamewasili karibuni katika kituo cha wanyama waligawanywa, 10 wakapewa boksi la kujificha na 9 wakakosa. Waliopewa boksi walitulia mapema zaidi katika siku za mwanzo. Boksi la namna hiyo duka lolote la rejareja litakupa bure.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Paka wetu alipofika alikwenda moja kwa moja uvunguni mwa kitanda, akajikunja kwenye pembe ya mbali kabisa, na hakugusa chakula mbele ya mtu. Daktari wa mifugo niliyempigia aliniambia, "Mama, usimvute uvunguni. Muwekee sahani, muwekee mchanga wa kujisaidia mbali na sahani, kisha kaa chini usimtazame machoni." Tulimwachia chumba cha wageni peke yake, tukalaza boksi ubavuni na kutandika ndani yake kanga niliyokuwa nimeivaa, pamoja na kipande cha blanketi la nyumba alikotoka, ambacho kilikuja naye. Chakula hatukukibadilisha, alizoea punje za dukani zilizochanganywa na dagaa, akaendelea nazo. Alitoka uvunguni usiku na kuhamia ndani ya boksi, na kutoka humo alianza kutuchunguza. Kifaa cha Feliway kilikuwa ukutani wakati wote huo, na dirisha la chumba hicho lilifungwa nyakati za usiku. Siku aliyoegemeza shavu kwenye mguu wa stuli, akalipitisha polepole hadi sikio likalala, nilijua kwamba sasa anaweka alama zake mwenyewe, na tangu hapo kichupa hakikuwa na la kuongeza.

Kuna njia isiyo na gharama inayofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, nami nashangaa kwamba karatasi ya maelekezo niliyopewa haikuitaja. Paka akishakubali kuguswa, mpapase mashavuni kwa kitambaa safi cha pamba, kisha ukipitishe kitambaa hicho kwenye miguu ya viti na pembe za milango, kwa kimo cha paka, katika vyumba ambavyo bado hajaviingia. Atakapofunguliwa mlango atakuta harufu yake imemtangulia. Ni feromoni halisi, ya paka mwenyewe, wala haihitaji soketi.

Spreyi ndiyo ningependa watu wengi zaidi waijue. Humo feromoni imechanganywa na kileo, ambacho paka hakipendi, kwa hiyo unapulizia ndani ya kikapu cha kumbebea, kwenye pembe zote, sakafu na dari yake, mara nane hadi kumi, kisha unasubiri dakika 15 kileo kiruke kabla ya kumwingiza paka. Asipuliziwe mwilini kamwe. Nguvu yake hudumu saa nne hadi tano, muda unaotosha safari ya bajaji au teksi kutoka kituoni hadi nyumbani, pamoja na saa za mwanzo chumbani, ambazo ndizo ngumu kuliko zote. Haitegemei umeme, na ukiipulizia kwenye kitambaa kilichowekwa ndani ya boksi, kuta za boksi zinazuia upepo. Chupa moja inatumika pia kila safari ya kwenda kwa daktari kwa chanjo, ikiwemo ile ya kichaa cha mbwa, ambayo paka mkubwa asiye na kumbukumbu za chanjo anaihitaji mapema.

Kwa upande wa bei, bidhaa hizi kwetu si rahisi, na upatikanaji wake ni wa kubahatisha. Nyingi huja kwa kuagizwa au kwa mizigo ya wasafiri. Mwenye chumba chenye kiyoyozi, kinachofungwa vizuri na chenye umeme wa uhakika, anaweza kununua kifaa na kichupa kimoja bila kujuta, lakini asikubali kuuziwa vichupa vya miezi sita kwa ajili ya paka anayezoea nyumba tu. Mwenye nyumba ya madirisha wazi achukue spreyi, na kiasi kitakachobaki anunue mchanga mzuri wa paka na kikapu imara.

Yapo pia mambo ambayo Feliway haikutengenezwa kuyatatua, na hapa naomba msomaji asichelewe. Paka mkubwa asiyekula kabisa kwa siku mbili mfululizo yuko hatarini, hasa akiwa mnene, kwa kuwa mafuta ya mwili huanza kujaa kwenye ini na kuliharibu. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara kwenye mchanga bila kutoa mkojo huenda njia imeziba, na hali hiyo huua ndani ya muda mfupi. Katika hali hizo mbili apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni siku yake ya kwanza nyumbani na bado yuko uvunguni.